Mlembe hakulelewa na mama yake. Nani alimfundisha kuwaongoza watu kwenye asali?

#1 Kipanga Mzee

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa mbwa wa ulinzi mchangiaji mmoja aliulizwa kwa nini mbwa huzunguka kabla ya kulala. Akajibu "silika tu hiyo mkuu", watu wakampa laiki, mjadala ukafa. Jibu hilo lilinikera. Kusema mnyama anafanya jambo kwa sababu ya silika ni kama kusema gari linakwenda kwa sababu lina mwendo. Swali bado liko palepale: iliingiaje ndani ya mnyama, na kwa nini ni hiyo na si nyingine?

Nimechagua ndege mmoja tuzungumze naye: mlembe mkubwa. Waliokulia karibu na pori wanamjua. Ukipita anakuja juu ya mti wa karibu, anapiga kelele za harakaharaka zisizo na utulivu, anaruka mti wa mbele, anasubiri. Ukimfuata anaendelea, mpaka mfike kwenye mti wenye nyuki. Wewe unapanda, unafukiza moshi, unarina asali. Yeye anabaki na masega na majana. Nta ndiyo anayoitaka hasa, na ni wanyama wachache sana wanaoweza kuimeng'enya.

Habari zake ni za zamani. João dos Santos, mmisionari Mreno aliyekuwa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika juu ya ndege aliyekuwa akiingia kanisani kula nta ya mishumaa, ndege huyohuyo aliyewaongoza watu kwenye asali. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walitoa vipimo kutoka kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya: kwenye maeneo wasiyoyazoea, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kundi moja la nyuki bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa naye.

Sasa tuje kwenye fumbo. Mlembe hajengi kiota. Jike hutaga kwenye tundu la ndege mwingine, mara nyingi keremkerem, na akishataga huyatoboa mayai ya mwenye nyumba. Yakisalia na kuanguliwa, kinda wa mlembe anamaliza kazi. Claire Spottiswoode aliweka kamera ndani ya matundu hayo kusini mwa Zambia. Kinda yule ni kipofu, hana nyoya hata moja, yuko kwenye giza totoro, lakini ncha ya mdomo wake ina ndoano mbili kali. Makinda ya keremkerem yakianguliwa anayang'ata na kuyatikisa mpaka yanakufa. Baadaye ndoano zinatoweka, analishwa wadudu na wazazi waliofiwa, anakua, anaondoka.

Huyo ndiye siku moja atakula nta na kumwita binadamu. Keremkerem hawaongozi watu popote. Mama yake hakumwona. Basi nani alimfundisha?

Jibu la kwamba hakufundishwa ni sahihi lakini halitoshi. Ili tabia ijengeke kwenye ukoo bila mwalimu yanatakiwa mambo matatu tu. Wanyama wa aina moja wawe wanatofautiana kitabia, japo kidogo. Sehemu ya tofauti hiyo iwe inarithiwa. Na tofauti hiyo iwe inagusa idadi ya watoto wanaosalia. Yakikutana hayo kwa vizazi vingi, tabia itasogea upande mmoja, iwe kuna anayekusudia au hakuna. Kinda mlembe aliyekuwa mlegevu kung'ata aligawana chakula na makinda wenzake. Aliyeng'ata kwa nguvu alikula peke yake. Wajukuu tunaowaona leo ni wa huyo wa pili.

Watu wengi hawana shida na la kwanza wala la tatu. Wanagomea la pili: tabia inarithiwaje kama rangi ya macho? Nawapa ndege mwingine. Kuna ndege mdogo wa Ulaya, Sylvia atricapilla, dume lake lina utosi mweusi. Wale wa magharibi mwa Ulaya wakati wa baridi huhamia kusini-magharibi, upande wa Hispania. Wale wa mashariki huelekea kusini-mashariki. Andreas Helbig aliwazalisha pamoja, baba wa huku na mama wa kule, na mwaka 1991 akatangaza matokeo: watoto walielekea katikati ya njia za wazazi wao. Hao walizaliwa kwenye vizimba, hawajawahi kusafiri, hakuna aliyewaonyesha njia. Dira ilichanganyika kama damu inavyochanganyika.

Karibuni.

#2 Mtoto wa Sikonge

Mzee Kipanga shikamoo. Umenigusa, huyu ndege ni mfanyakazi mwenzangu. Mizinga ya nyumbani ninayo lakini ya porini nayo siachi.

Wazee wetu walituambia ukirina lazima umwachie sega, usipomwachia siku nyingine atakupeleka kwa chui au nyoka. Sijawahi kupelekwa kwa chui, lakini sega naacha, sijaribu bahati.

Swali langu. Kwetu kuna namna ya kumwita. Alikuja mgeni kutoka mbali akawa anampigia mluzi wa kwao, ndege wanamwangalia tu. Mimi nikiita anakuja. Kama mambo yote ni ya kuzaliwa nayo, kwa nini ndege achague lugha?

#3 Fundi Redio

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Ni mazoea tu. Babu wa mlembe alijifunza kwamba binadamu akifuatwa nta inapatikana. Akarudia, watoto wakarithi, baada ya miaka mingi mazoea yakawa damu. Mbona hata kwetu mtoto wa fundi anazaliwa na mkono wa ufundi?

#4 Kipanga Mzee

Marahaba Sikonge. Swali lako ni zuri kuliko uzi wangu, naliwekea nafasi yake. Kwanza Fundi, lakini nadhani kuna mwalimu humu atamjibu vizuri zaidi. Mwalimu Pwani, upo?

#5 Mwalimu Pwani

Nipo, nilikuwa nasahihisha madaftari.

Ndugu Fundi, wazo lako lina heshima yake, wanasayansi wakubwa waliwahi kulishika. Lakini lina ukuta mmoja ambao halivuki, na ukuta wenyewe unapita uani kwako mvua zikianza: siafu.

Siafu wanaoandamana ni vibarua. Hawana macho. Wanapanga safu, wanaweka walinzi wenye mataya makubwa pembeni, wanavamia, wanarudi na windo. Na hao vibarua hawaachi uzao. Anayezaa ni malkia, ambaye hajawahi kuwinda hata panzi, kwa mbegu ya dume ambalo nalo halijawahi kuwinda. Sasa kibarua akijifunza ujanja mpya leo, akaurudia mpaka ukawa mazoea, atamrithisha nani? Mlango umefungwa. Hata hivyo vibarua wa kesho wanazaliwa na ufundi uleule.

Nyuki ni hivyohivyo. Ile ngoma ya kuonyesha wenzake upande na umbali wa maua, ambayo Karl von Frisch aliichambua na ikawa miongoni mwa kazi zilizompa Nobel mwaka 1973, huchezwa na vibarua. Malkia na dume hawaendi kutafuta maua kabisa.

Darwin alikutana na ukuta huu kwenye kitabu chake cha 1859, na alikiri kwamba mwanzoni aliuona kama pigo la kuua nadharia yake yote. Akautatua hivi: kinachochaguliwa ni ukoo. Malkia ambaye kwa namna alivyoumbwa anazaa vibarua wawindaji hodari, kichuguu chake kinashiba na kutoa malkia wapya wengi. Uwezo wa kuzaa vibarua wa aina ile unapita kwa malkia bila yeye kuuonyesha. Hesabu kamili ya jambo hilo ilikuja baadaye sana, William Hamilton, 1964: msaada kwa ndugu unaweza kuenea kwa sababu ndugu wanabeba vinasaba vilevile.

Kwa hiyo mazoea kuwa damu, hapana. Ila sikutupi moja kwa moja. Mazoea yanaweza kutangulia na damu ikafuata kwa njia nyingine. Mwanasaikolojia wa Marekani James Mark Baldwin alieleza mwaka 1896. Wanyama wakijifunza jambo lenye faida, wale wanaojifunza haraka zaidi wanazaa zaidi. Kizazi kijacho kinajifunza kwa majaribio machache, kinachofuata machache zaidi, mpaka inafika mahali hakuna la kujifunza. Ukitazama kwa mbali utadhani mazoea yamerithiwa. Kilichorithiwa ni wepesi.

#6 Ustaadh Bandarini

Assalam alaykum. Nimesoma kwa utulivu. Mimi naona jibu ni jepesi. Mwenyezi Mungu amemwongoza kila kiumbe kwa njia yake, na nyuki ametajwa kwa jina kwenye Kitabu. Mnatafuta nini zaidi?

#7 Kipanga Mzee

Wa alaykum salaam Ustaadh. Sina ugomvi nawe. Wewe unamtaja aliyeongoza, mimi nauliza uongofu huo unapita kwenye waya gani mpaka umfikie kinda aliye kipofu ndani ya tundu. Hata anayesema mvua ni rehema bado anaweza kuuliza mawingu yanatoka bahari ipi. Humu tubaki kwenye waya, lile la kwanza lina jukwaa lake na wenye elimu yake.

Ila nikuonyeshe kitu kinachonivutia. Tungetegemea kwamba elimu iliyopandwa ndani ya mnyama iwe elimu ya kweli, amjue adui, amjue mtoto. Ukichunguza kwa karibu, mara nyingi unakuta kanuni fupi tu, tena yenye upofu mwingi. Kekeo wa Ulaya hutaga kwenye viota vya wengine kama mlembe. Kinda wake akianguliwa anaingia chini ya yai la mwenye kiota, analibeba kwenye kibonyeo cha mgongo wake na kulisukuma nje. Edward Jenner, yuleyule wa chanjo ya ndui, alilieleza hilo mwaka 1788, na watu wengi hawakumwamini. Kinda hajui yai ni nini. Chochote kinachogusa mgongo wake siku zile za mwanzo kitoke nje.

Bata bukini wa kijivu naye, Konrad Lorenz na Niko Tinbergen walimtazama miaka ya 1930. Yai likibiringika nje ya kiota anainyosha shingo na kulirudisha kwa chini ya mdomo. Ukilinyakua yai akiwa katikati ya kazi, bukini anaendelea kuvuta hewa mpaka kiotani. Ukimwekea kitu kingine cha mviringo, anakivuta nacho.

Kanuni fupi ya namna hiyo ndiyo inayoweza kujengwa na mageuko, kwa sababu haihitaji kuingia yote kwa mara moja. Inahitaji mshipa mmoja uwe mwepesi kidogo kushtuka na msuli mmoja uitikie.

#8 Nyota ya Lamu

Hilo la kanuni fupi sisi watu wa mwambao tunaliona kwa kasa. Vikasa vikitoka mchangani usiku vinakimbilia upande ulio na mwanga zaidi pale chini ya upeo. Kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa bahari, kwa sababu maji yanaakisi anga na nchi kavu yenye miti ni nyeusi. Haikuhitajika kanuni nyingine. Leo kuna hoteli na taa za barabarani, vikasa vinageuza njia, vinapanda nchi kavu, asubuhi unavikuta vimekauka au kaa wamevila. Ndiyo maana wanaolinda viota wanaomba taa za ufukweni zizimwe au zifunikwe msimu wa kuanguliwa.

Sasa nauliza, hii mageuko haioni kosa?

#9 Kipanga Mzee

Haioni chochote, dada. Haina macho ya mbele. Inabakiza kilichofaa jana. Kasa huchukua miaka mingi mno kupevuka, miongo kwa miongo, na taa za umeme ufukweni ni za juzi. Yule ndege wa utosi mweusi wa Ulaya anazaa akiwa na mwaka mmoja, ndiyo maana kwake tumeshuhudia mabadiliko ndani ya umri wa mtu mmoja. Kuanzia miaka ya 1960 idadi ya wanaokaa Uingereza kipindi cha baridi iliongezeka sana, na wengi ni wa Ulaya ya kati ambao walipaswa kwenda Hispania. Peter Berthold na wenzake waliwakamata baadhi huko Uingereza, wakawazalisha Ujerumani, na mwaka 1992 wakaripoti kwamba watoto wao, ambao hawajaona Uingereza, walielekea magharibi kidogo kuegemea kaskazini, kama wazazi.

Hakuna ndege aliyeamua kubadilisha njia. Daima kulikuwa na wachache wenye dira iliyokosea. Zamani walikufa kwa baridi. Siku hizi Uingereza ina majira ya baridi mapole kidogo na watu wanawawekea chakula bustanini, hivyo wenye dira mbovu wakasalia, wakawahi kurudi kuzaa kwa kuwa njia yao ni fupi. Ubovu umegeuka kuwa ubora bila ndege kubadilika.

#10 Dalmas wa Kajiado

Wadau niaje. Kwa upande wetu hapa Amboseli kuna ile story ya tumbili, nadhani inafunga swali la Mtoto wa Sikonge.

Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha mwaka 1980 kuhusu mlio wa hatari. Tumbili wako na mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, kila moja tofauti. Ukiwachezea mlio wa chui kwa spika wanapanda mti. Wa tai, wanaangalia juu ama wanaingia kichakani. Wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili wakichungulia nyasi.

Sasa angalia watoto. Mtoto wa tumbili hazaliwi akijua tai ni nani. Lakini hakosei ovyo. Mlio wa tai anautoa kwa vitu vya hewani: tai, korongo, hata jani likianguka. Mlio wa chui ni kwa wanyama wa chini. Wa nyoka ni kwa kitu kirefu kiko chini. Yaani droo tatu amezaliwa nazo, kile hajui ni nini hasa kiingie kila droo. Akiita vibaya wakubwa wanaangalia na kunyamaza. Akiita poa na wakubwa wanarudia huo mlio. Pole pole anabaki na wale ndege hatari tu.

Ukiniuliza, hapo kuna silika na kuna shule, na huwezi toa moja.

#11 Mtoto wa Sikonge

Hapo kwenye jani linaloanguka nimecheka peke yangu. Asante kaka wa Kajiado. Mzee, malizia ya mlembe.

#12 Kipanga Mzee

Dalmas ameniwahi, na amenirahisishia.

Ndugu zetu Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita mlembe kwa mlio wa "brrr-hm". Spottiswoode na wenzake walitembea porini wakipiga mlio huo uliorekodiwa, na nyakati nyingine wakipiga sauti nyingine za kulinganisha. Wakachapisha mwaka 2016: mlio wa Kiyao ulipandisha uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuonyeshwa nyuki kwa safari nzima kutoka asilimia 17 hadi 54. Maana yake ndege anaelewa mwito huo ni wa mtu anayetafuta asali.

Halafu Spottiswoode akaungana na Brian Wood, ambaye amekaa sana na Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania. Wahadzabe hawasemi brrr-hm, wanapiga mluzi wa kuimbika. Wakabadilishana sauti: mluzi wa Kihadza ukapelekwa Niassa, mlio wa Kiyao ukapelekwa vilima vya Kidero. Mwaka 2023 matokeo yakatoka. Ndege wa Kidero walikuwa tayari kushirikiana kwa zaidi ya mara tatu waliposikia mluzi wa Kihadza kuliko mlio wa Kiyao. Wa Niassa, karibu mara mbili kwa mlio wa kwao. Mgeni wako Sikonge alikuwa anapiga simu namba isiyo ya eneo.

Kwa hiyo gawanyeni hivi. Kung'ata makinda wenzake: hapo hakuna nafasi ya kujifunza, yuko gizani, ana siku chache, akichelewa amekosa. Kupenda nta na tumbo la kuimeng'enya: yamo mwilini. Kumsogelea mnyama mkubwa na kumpigia kelele: msukumo wa asili uko ndani, kwa sababu hakulelewa na mwenye tabia hiyo. Lakini yupi hasa kati ya wapita njia ana panga na moto, na anatoa sauti ipi, hilo anajifunza hapohapo alipo. Hata mantiki yake inaeleweka. Miito ya watu hubadilika upesi kuliko vinasaba vinavyoweza kufuata. Ukoo uliozaliwa umefungiwa kwenye mwito mmoja ungebaki unamsubiri babu aliyekufa.

Na kuhusu sega la kumwachia: Wahadzabe wao mara nyingine hufanya kinyume na wazee wako, wanaificha nta, wanaifukia au kuichoma, ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Msimwambie mlembe.

#13 Fundi Redio

Sawa, siafu wamenishinda, nimenyamaza. Lakini sijatoka. Nusu ya silika ina faida gani? Ndege anayeongoza nusu njia kisha akaacha hapati nta. Ama anaongoza ama haongozi. Hiyo hatua ya katikati ilikula nini?

#14 Kipanga Mzee

Fundi, hili ndilo swali lenyewe. Kaa kitako.

Kosa liko kwenye kudhani kwamba nusu ya silika ni safari iliyokatwa katikati. Hatua za katikati ni tabia nyingine nzima, zenye faida yake. Anza na ndege anayekula nta tu. Yupo mpaka leo: mlembe mdogo anakula nta na hajulikani kwa kuongoza watu. Anaokoteza kwenye masega yaliyoachwa, maisha yanakwenda. Sasa ongeza ndege anayebaki karibu na mahali mnyama mkubwa anapofumua nyuki. Anapata zaidi kuliko anayepita kwa bahati. Ongeza ambaye akiwa na njaa na akawa karibu na nyuki asioweza kuwafikia, anasisimka na kupiga kelele mnyama huyo anapotokea. Kelele za msisimko ndege wengi wanazo. Mrina asali mwenye akili atashangaa kelele zile na kutazama juu. Ongeza ambaye kelele zake zinaanza mbali kidogo na nyuki, kisha mbali zaidi. Kila hatua inalipa kwa nta zaidi kuliko iliyotangulia. Hakuna hatua hata moja ambayo ndege alilala njaa ili wajukuu wake wafike.

Na upande wa binadamu hesabu ilikuwa nyepesi: kumfuata ndege kunalipa. Kwa Wahadzabe, Wood na wenzake waliripoti mwaka 2014 kwamba ndege huyu anaongeza kasi ya kupata nyuki kwa asilimia 560.

Lakini najua wewe ni mtu wa kufungua redio uone waya, maneno hayakutoshi. Basi sikiliza habari ya panya. Marekani kuna jamii mbili za panya wa porini wa jenasi Peromyscus, ndugu wa karibu. P. maniculatus anachimba shimo fupi, basi. P. polionotus wa kusini-mashariki anachimba njia ndefu ya kuingilia, chumba, halafu upande wa pili njia ya dharura inayopanda mpaka karibu na uso wa ardhi bila kutoboa. Nyoka akiingia mlangoni, panya anafumua lile tabaka jembamba la udongo na kutokea nyuma. Ukiona ramani ya shimo hilo utaapa kuna mhandisi.

Panya waliozaliwa maabara, ambao hata wazazi wao hawakugusa udongo, ukiwapa mchanga kwa mara ya kwanza kila mmoja anachimba ramani ya ukoo wake. Jesse Weber, Brant Peterson na Hopi Hoekstra wakawazalisha pamoja, wakapima mashimo ya watoto na wajukuu, wakachapisha mwaka 2013. Watoto wa kwanza wote walichimba kwa mtindo wa yule mwenye njia ndefu. Walipowarudisha kuzaa na panya wa shimo fupi, tabia ikaanza kuachana vipandevipande. Urefu wa njia ya kuingilia ulifuata sehemu tatu za vinasaba. Njia ya dharura ilifuata sehemu moja, peke yake. Wakapatikana panya wenye njia fupi lakini wenye mlango wa dharura, na wenye njia ndefu bila mlango wa dharura.

Umeona waya? Ile ramani tuliyodhani ni wazo moja lisilogawanyika imeundwa kwa vipande vinavyorithiwa mbalimbali. Njia ndefu bila mlango wa nyuma bado inamchelewesha nyoka. Mlango wa nyuma kwenye shimo fupi bado ni mlango. Hiyo ndiyo nusu ya silika, na panya anaishi ndani yake.

#15 Mwalimu Pwani

Niongeze moja kwa mlembe, halafu nirudi kwenye madaftari. Kule Zambia majike wamegawanyika makundi mawili ya ukoo wa mama. Wengine hutaga kwa ndege wa mashimo ya ardhini kama keremkerem, wengine kwa ndege wa matundu ya miti kama hudihudi. Vinasaba vinavyopita kwa mama pekee vinaonyesha koo hizo mbili zimetengana kwa mamilioni ya miaka, na hata ukubwa na umbo la mayai yao hutofautiana kwa kufuata mwenye kiota. Madume hayajali, yanajamiiana na pande zote, ndiyo maana bado ni jamii moja ya ndege. Yaani ndani ya spishi moja kuna silika mbili za kutaga zinazotembea sambamba, binti akimfuata mama ambaye hajawahi kukutana naye.

Wanafunzi wangu nikiwaambia hili wanadai niwape na ushahidi wa picha. Kizazi hiki.

#16 Ustaadh Bandarini

Binti akimfuata mama ambaye hajawahi kukutana naye. Subhanallah. Endeleeni, nasoma.

#17 Mtoto wa Sikonge

Mzee, la mwisho. Siku hizi vijana huku wana mizinga ya kisasa, sukari iko dukani, porini hawaingii. Mlembe anaita, mtu anapita na pikipiki hamwangalii. Je, silika itakufa?

#18 Kipanga Mzee

Zitakufa kwa mwendo tofauti, kwa sababu ni mbili. Ile ya shule inaondoka kwanza. Ndege akiita watu wasimfuate, halipwi, anaacha kuhangaika na binadamu ndani ya maisha yake mwenyewe. Mwito wa kienyeji nao unapotea pale ambapo hakuna tena anayeupiga. Tayari sehemu mbalimbali za Afrika ambako urinaji wa porini umekwisha, milembe wapo na hawaongozi mtu.

Ule msukumo wa kuzaliwa utakaa zaidi. Kinasaba hakifi kwa kukosa kazi. Kinalegea polepole, kwa vizazi, kama aliye nacho hana tena faida kuliko asiye nacho. Ndege mwenyewe hataangamia. Nta ataipata kwenye makundi ya nyuki yaliyohama na kwenye mizinga iliyopasuka, kama mlembe mdogo. Na Wahadzabe wengi wanasema wameona akishirikiana na nyegere pia, ingawa warina asali wa sehemu nyingine nyingi hawajashuhudia hilo.

Kwako wewe ambaye bado unarina: endelea kumwita kwa mwito wa kwenu, ukifika mtini mwachie sega pale anapoliona, na uwachukue wadogo zako. Ndege wa eneo lenu wanajifunza kutoka kwenu, na bado wapo.